Mti ulionilipia karo

Mwezi wa nne nilinunua sakafu ya watu. Ilifika kwangu Umoja, hapa Nairobi, kwa pikapu, magunia 14 mazito, na jirani wa chini akauliza kama nimeanza kuuza makaa.

Nyumba ilikotoka iko Kileleshwa. Tuseme ilikuwako. Ilikuwa ile aina mnayoijua, ukuta wa mawe, vigae vyekundu juu, bomba la moshi, uwanja mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Sasa pale panapandishwa ghorofa. Mimi nafanya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Industrial Area, na msimamizi wa kubomoa alikuwa mteja wetu, ndiyo maana nilipata habari mapema kabla madalali hawajafika. Milango ilikuwa imeshauzwa. Masinki pia. Kilichobaki ni vibao vya sakafuni, vile vidogo vinavyopangwa kimshazari kama mifupa ya samaki, vimerundikwa kwenye nyasi na lami nyeusi bado imeng'ang'ania migongoni. Nikauliza ni mti gani. "Mbao ya zamani, madam. Hii haiishi." Tukaelewana shilingi 22,000, nikalipa kwa simu, nikaanza kujuta kabla hatujafika Pangani.

Nilivitaka kwa nyumba ninayojenga polepole kule Kamulu. Nimeona bei ya vigae kila siku kazini, najua faida tunayoweka juu yake, na hilo huharibu hamu ya kununua.

Baba yangu ana miaka 79. Anakaa kwangu tangu alipotolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilipona vizuri, la kushoto linaona vivuli tu. Jioni ile alikuwa amekaa kwenye veranda na redio yake, nikampa kibao kimoja ili tu aone nimeleta nini. Hakukitazama. Alikipima kwanza kwa mkono, juu chini, kama mtu anayepima kilo ya nyama asiyoiamini. Akapitisha kidole gumba pembeni. Akaomba kisu. Alikwangua kidogo, akatemea mate pale alipokwangua, akasugua kwenye suruali hadi pakapata joto, ndipo akapeleka puani.

"Muhugu," akasema.

Redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo. Baada ya muda akaongeza, "Mti huu nimeukata miaka 30, leo wewe ndiye unauleta kwangu kwa magunia?"

Baba alikuwa mchongaji. Kama wewe ni Mkamba wa upande wa Wamunyu, kule Machakos, sina haja ya kueleza, maana kwetu kila boma lilikuwa na mtu wa tezo, kile kishoka cha kuchongea. Wazee husimulia kwamba kazi hii ya kuchonga wanyama na watu kwa ajili ya kuuza aliileta Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu huko huko, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akajifunza kwa Wazaramo. Si kwamba Wakamba hawakuwa wakichonga kabla ya hapo. Walichonga vigoda, vijiko, vikombe, mizinga ya nyuki. Lakini kifaru wa kuwekwa juu ya televisheni ya Mjerumani, huyo ni wa baada ya Munge.

Baba alikuja Nairobi mwaka 1966 akifuata mjomba wake, wakafanya kazi kwenye banda la mabati karibu na Gikomba, wanaume wengi wamekaa chini miguu imenyooshwa, gogo katikati ya mapaja. Mjomba alikuwa akitengeneza twiga. Baba alipewa vifaru, kwa sababu kifaru hana shingo ya kuvunjika na mwanafunzi hawezi kuharibu sana. Alibaki na vifaru hadi alipoacha kazi.

Magogo yalikuja kwa lori. Mengi yalitoka misitu ya upande wa Ngong, mengine Pwani. Muhugu ndio uliokuwa mti wa banda. Baba ananieleza jinsi ulivyo kana kwamba anamsema mtu wa ukoo: mgumu, mkaidi, lakini akikukubali hakuangushi. Uzito wake ukishakauka ni karibu kilo 900 kwa mita moja ya ujazo, nami nauamini kwa sababu nilibeba yale magunia hadi ghorofa ya pili. Tezo hunolewa mara nyingi kwa siku. Moyo wa mti ni kahawia yenye unjano na ukijani kidogo, na karibu na gome kuna utepe mweupe. Mchongaji mzuri aliuacha ule weupe kwa makusudi, ukawa tumbo la swala au kingo za masikio ya tembo. Mti ukikauka haraka hupasuka nyufa ndogondogo usoni, kwa hiyo waliuchonga ukiwa mbichi, wakauanika kivulini, na ufa ukitokea waliuziba kwa gundi na vumbi la mbao ya mti huo huo. Usingeona.

Na sasa nitafichua siri ya banda, kwa kuwa wengi wao wamestaafu. Mtalii alipotaka mpingo na mpingo haupo, kifaru wa muhugu alipakwa rangi nyeusi ya viatu na kung'arishwa kwa kitambaa. Baba anasema yeye hakufanya hivyo. Anasema hivyo huku akicheka.

Mimi ninachokumbuka ni harufu. Baba alirudi nyumbani na mfuko wa vipande na vumbi la msasa, na Mama alivitumia kuwashia jiko. Muhugu una mafuta yenye manukato ndani yake, karibu na yale ya msandali, na huchujwa kwa ajili ya manukato ya kuuzwa. Sisi hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba nyumba yetu ya chumba kimoja ilinukia, na sare yangu ya shule ilinukia, na msichana mmoja darasa la tano aliniita "Kanisa" mwaka mzima kwa sababu eti nanuka kama padri ametoka kuvukiza ubani. Nilimchukia. Leo ningempa chai.

Basi, mlinzi wa jengo letu ni Mmasai wa Kajiado, na jioni ya pili alipanda kuleta barua ya bili ya maji akakuta Baba amezungukwa na vibao. Kati ya Mkamba na Mmasai lazima kuwe na matani, wakayamaliza kwanza. Kisha mlinzi akachukua kibao, akanusa, akasema kizuri lakini si oloirien. Oloirien ndio mutamaiyu wa Wakikuyu, yule mzeituni wa porini. Rungu lake limetokana na mti huo, na mama yake hadi leo husafisha kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto la oloirien: unaingiza kijiti kinachowaka, unakizungusha ndani, unapangusa, na maziwa yanakaa siku nyingi yakiwa na ule utamu wa moshi. Baba akamjibu kwamba maziwa yenye majivu ni ya watu waliokosa maji. Lakini alipoondoka, Baba alikiri kwamba mutamaiyu ni mti wa heshima, na akaanza kunihesabia ya kwetu Ukambani. Muuku kwa kinu na vigoda. Mukau kwa mzinga wa nyuki na mbao ambazo mchwa hawazitaki. Muvingo, yaani mpingo, kwa vitu vidogo vya kudumu, fimbo na kadhalika. Kila mti na kazi yake. Mtu hakukata muuku kupikia chai.

Nikamwuliza, na muhugu je? Akasema muhugu si mti wa kwetu, ni mti wa huku. Kwa Wakikuyu walioishi kwenye kingo za misitu hii ulikuwa mti wa nguzo, nguzo ya nyumba na nguzo ya ua, kwa kuwa ukiuzika ardhini mchwa hupita wakienda kwa jirani. Wakaja wazungu, wakaona kile kile walichokiona Wakikuyu, wakaufanya sakafu na miti ya seng'enge. Ukawa pia makaa. Ndipo wakaja Wakamba na vifaru.

Hapa ndipo tabia yangu ya kazini iliponishika. Nilisoma shule ya bweni, miaka minne, mihula 12. Nakumbuka vizuri kwamba nyumbani karo ilihesabiwa kwa vifaru. Mama alikuwa akisema "muhula huu tumebakiza vifaru 11." Dalali alimlipa Baba shilingi 80 kwa kifaru mmoja wa ukubwa wa kiatu, na muhula ulikuwa shilingi 4,800. Vifaru 60. Nikamwuliza Baba gogo moja zuri lilitoa vifaru wangapi. Akafumba macho, akasema 30, kama halina shimo. Na mti mmoja hutoa magogo mangapi? Akashindwa kujibu. Hajui.

"Hujui vipi?"

"Mimi nilikuwa naona magogo tu."

Miaka 30 na zaidi akiuchonga, na hajawahi kusimama chini ya muhugu ulio hai. Wamunyu hauoti. Gikomba ulifika umelala kwenye lori, umekatwa vipande, hauna jani hata moja. Nilishangaa, kisha nikajikuta nami sijui jani lake likoje, na muhugu ndio ulionisomesha.

Jumamosi tukaenda Karura. Tuliingia kwa lango la Limuru Road, Baba na fimbo yake, mimi na chupa ya chai. Msitu ule una hekta 1,000 na ushee ndani ya jiji, na ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Sehemu kubwa ni mikaratusi na miti mingine ya kupandwa, iliyoletwa enzi za treni ya kuni, lakini kuna vipande vya msitu wa asili, na humo muhugu ndio mwenye nyumba pamoja na mukinduri. Tulitembea pole pole. Vijana wa baiskeli walitupita wakisema "shikamoo" bila kusimama.

Nilikuwa nimesoma cha kutafuta. Gome la kijivu lenye mifereji ya kwenda juu, shina ambalo haliko mviringo bali limejikunjakunja kama kitambaa kilichokamuliwa, na majani ambayo juu ni kijani kilichoiva na chini ni meupe kama fedha. Hilo la majani ndilo lililotusaidia. Upepo ulipovuma, mti mmoja mbele yetu uligeuka rangi wote kwa pamoja, kama mtu aliyegeuza koti. Nikaokota jani, nikampa Baba. Aligeuza upande huu na ule karibu na jicho lake zima.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

Alisogea, akaweka kiganja kwenye shina. Kisha akanusa. Akanusa tena. "Hanuki," akasema, na nikaona amevunjika moyo kweli. Mti ukiwa na gome lake, uzima wake wote, huwezi kunusa chochote. Lazima uukate.

Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Aligonga shina kwa fimbo, ko ko, akatega sikio. Akagonga tena chini kidogo. "Shimo," akasema. "Huyu tungemkataa." Mihugu mikubwa mingi huoza moyoni ikiwa bado imesimama, na mchongaji aliyenunua gogo kutoka kwa lori bila kugonga alipata gome na hewa. Kumbe mkono wake ulikuwa bado unajua.

Basi tukaanza kukagua. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu yangu usiku: muhula vifaru 60, kwa hiyo magogo mawili, mihula 12, magogo 24. Tukikisia magogo matatu kwa mti, ni mihugu minane. Nikamwambia Baba tutafute minane, tuone shule yangu ilikuwa na ukubwa gani. Alipenda mchezo huo kuliko nilivyofikiri. Alikuwa akigonga na kutoa hukumu kwa sauti. "Huyu ni Kidato cha Kwanza." "Huyu mwembamba, mwongezee kaka yake." Mmoja ulikuwa umepinda vibaya, akasema huyo ni muhula ule nilipofukuzwa shuleni kwa kukosa karo, nami nikasema ule haukuwa muhula mmoja. Akanyamaza kidogo. "Ilikuwa miwili," akakubali.

Tulifika wa saba tukachoka, tukakaa kwenye kisiki kunywa chai.

Nilimsomea niliyokuwa nimeyaandika kwenye simu. Kwamba muhugu huchukua zaidi ya miaka 100 kufikia unene wa gogo la maana. Kwamba kuna mti dume na mti jike mbalimbali, na jike peke yake ndiye hutoa mbegu, na mbegu zenyewe ni nyepesi, hupeperushwa na upepo, na nyingi huliwa na wadudu au ni tupu, hivyo miche ni michache. "Kumbe hata yeye lazima aoe," Baba akasema. Kwamba ndiyo maana wachongaji wengi siku hizi wamehamia kwenye mwarobaini, mwembe, mjakaranda na mgrevilea, miti inayokua haraka na kupandwa shambani. Hilo alilijua. Aliwahi kujaribu mjakaranda mwishoni mwishoni mwa kazi yake. "Ni kama kuchonga mkate," akasema. Nadhani anauonea mjakaranda. Nimeona bakuli za mjakaranda Masai Market, ni nzuri.

Ndipo akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Mwezi wa kwanza mwaka 1999, Wangari Maathai na wenzake walipokuja hapa Karura kupanda miti na kupigwa na wahuni waliokuwa wakilinda viwanja vilivyogawiwa watu ndani ya msitu, bandani walisikia kwenye redio. Wengine walisikitika. Baba alicheka. Alisema mama huyu anapigwa kwa ajili ya miti, na hapa sisi tunapigwa na njaa kwa kukosa miti, maana magogo yalikuwa yamepanda bei sana. "Nilikuwa nafikiri anatuzuia," akasema. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamaliza shule, nikitafuta kazi, na cheti changu kilikuwa kimelipiwa na vitu hivi hivi tulivyokaa katikati yake. Sikujua la kumjibu. Nikamwongezea chai.

Nikamwuliza kama anajuta. Alinitazama kwa lile jicho zima kama nimeuliza swali la kizungu. "Ungesoma kwa nini? Kwa majani?"

Wa nane tuliupata njiani tukirudi, karibu na njia ya kuelekea maporomoko, mnene, umenyooka kuliko mingine yote. Baba aligonga, akasikiliza kwa muda mrefu, hakusikia shimo. Hakusema ni kidato gani. Alisema tu, "Huyu dalali angempenda," tukaondoka.

Kuhusu sakafu. Fundi wa Kamulu alivipokea vibao vyangu kwa dharau, kisha msumeno wake ukapoteza meno siku ya kwanza, akaanza kuviheshimu. Lami ilikuwa vita. Tulitumia patasi na mafuta ya taa, na vijana wawili walifanya kazi wiki nzima huku mimi nikilipa kwa siku na kujiambia vigae vingekuwa rahisi. Ukitoa vilivyovunjika, vilitosha chumba cha Baba, mita 3 kwa 3, na korido. Sebule itakuwa na vigae vya dukani kwetu, kwa bei ya mfanyakazi.

Fundi alitaka kupiga vanishi kila mahali. Kwenye korido nilimruhusu, na imetoka vizuri, kahawia inayong'aa na huku na huku kibao chenye utepe mweupe. Chumbani Baba alikataa. Alisimama mlangoni na fimbo yake akasema hapana, ukipaka hiyo utamziba pua. Fundi akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayelipa. Nikamwambia afanye anavyotaka mzee. Kwa hiyo chumba kile kilipigwa msasa tu, na vumbi lake Baba akalizoa mwenyewe, akalitia kwenye kopo la majani ya chai.

Magunia matatu bado yana lami, yako chini ya ngazi. Kama kuna anayejua njia ya kuitoa iliyo bora kuliko mafuta ya taa na patasi, na isiyounguza vibao, aniandikie.